Aliyeleta Pilau Ndiye Mwenyeji

Mkipewa kazi ya kuandaa ziara ya wakubwa, anzeni na choo. Msianze na bango, wala viti, wala hotuba ya kukaribisha. Nendeni mapema, mkague kama mlango unafungika na kama ndoo ina maji, kisha ndipo mrudi ofisini mkaandike ratiba. Hilo nilifundishwa na Mzee Simbeye, mkuu wa kitengo chetu, wiki yangu ya kwanza kazini.

"Binti," aliniambia, "mheshimiwa aliyebanwa hasikii takwimu."

Nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii yangu ya siasa, nikidhani nimekuja Dodoma kushiriki katika mabadiliko makubwa ya nchi. Kumbe nimekuja kukagua vyoo. Miaka yote niliyofanya kazi hiyo, mpaka nilipostaafu, swali moja halikuniacha nilale vizuri: ni nani hasa anayeamua mheshimiwa aone nini? Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mkiwa na simu zenu na magari yenye viyoyozi, nataka mlibebe swali hilo. Mimi limenichosha, lakini sijapata mahali pa kulitua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sera mpya ikiletwa, kamati ya Bunge inayohusika hutaka kwenda kuona kwa macho kabla ya kutoa maoni. Sisi tulipanga njia, magari, chakula, na watu wa kuongea. Inaonekana kazi ya karani tu. Lakini fikirini: mtu aliyetoka Kagera au Lindi, hajawahi kufika Mtera, atalijua bwawa lile la umeme kwa saa atakazosimama pale. Ukimfikisha asubuhi ataona maji. Ukimfikisha mchana wa jua kali ataona kivuli cha gari. Ukimpitisha kwanza kwa wavuvi, ataona perege.

Hilo la perege lilinikuta kweli. Ziara yangu ya kwanza Mtera niliiweka sokoni kabla ya bwawani. Waheshimiwa walinunua samaki kwa furaha, wakawapakia kwenye basi, jua likafanya kazi yake. Kufika kwenye ukuta wa bwawa, mhandisi akieleza kina cha maji, kila mtu alikuwa anafikiria jinsi ya kuwahi mjini kabla kitoweo hakijaharibika. Mheshimiwa mmoja alinyoosha mkono. Mhandisi akafurahi, amepata swali.

"Hapa kuna barafu?"

Mzee Simbeye hakunigombeza. Alisema tu kwamba sokoni ni mwisho wa safari, siku zote, hata kama wamekuja kuangalia makaburi.

Sasa niwaambie jambo lenyewe.

Ilikuwa katika miaka ile ya soko huria. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na kila wiki mgeni mwenye mkoba mzuri anashuka Dodoma kutueleza kwamba serikali haifai kufanya biashara. Mvua zilikuwa zimekatika, Mtera imekauka mpaka ng'ombe wanachunga mahali palipokuwa na maji, na nchi nzima iko kwenye mgawo wa umeme. Ndipo ikaandaliwa rasimu ya sera ya nishati. Ndani yake mlikuwa na kipengele kifupi, ambacho wengi hata hawakukisoma: kijiji kinachozalisha umeme wake kiruhusiwe kuuuza kwa wakazi wake na kwa jirani.

Kifupi, lakini kulikuwa na mtu ambaye maisha yake yalining'inia hapo. Jina lake Sechelela. Alikuwa fundi umeme, binti wa Kigogo wa upande wa Mvumi, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda kimoja Morogoro akarudi kwao na sanduku la vifaa. Akachukua mabomba ya kisima kilichokufa, akayaunga kuwa mlingoti. Akachonga mapanga ya mbao ya kuzungushwa na upepo. Akafunga oltaneta ya lori bovu. Watu wakaliita pangaboi, na jina likashika. Pangaboi lile lilichaji betri zilizowasha taa za zahanati, na za nyumba kadhaa zilizokuwa zikichangia. Wanakijiji walikuwa wameanza kuweka akiba ili wajenge la pili, kubwa, lifikishe umeme mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kipengele kikipita, wangeuza umeme kihalali na wangepata mkopo. Kisipopita, hata ile michango ya taa ingekuwa kosa.

Nilimkuta juu ya mlingoti siku niliyokwenda kukagua choo.

"Shuka tuongee!" nilimwita.

"Panda wewe!" akajibu. "Huku ndiko kuna upepo."

Sikupanda. Aliposhuka alinieleza kitu ambacho hakuna profesa wangu aliyewahi kunieleza. Kwetu huku, alisema, masika upepo unalala, lakini Mtera inajaa. Kiangazi Mtera inakauka, lakini upepo unavuma mpaka unang'oa mabati. "Dada Mwanaidi, Mungu ametupangia zamu. Kinachotakiwa ni watu kukubali zamu hiyo." Basi nikaandika kwenye ratiba: Mtera, kisha kijijini kwa Sechelela, mwezi wa kumi, upepo ukiwa umekolea. Niliona nimefanya kazi yangu vizuri.

Tatizo, ofisi haikuwa na mafuta. Sisemi kwa mafumbo, namaanisha dizeli ya magari. Bajeti ilikuwa imekauka kuliko bwawa. Hapo ndipo akaingia Fadhili.

Fadhili nilisoma naye. Chuoni alikuwa mkali wa migomo, anapanda juu ya meza kantini na kuhutubia mpaka sauti inakauka. Sasa alikuwa afisa uhusiano wa kampuni iliyotaka kuiuzia nchi umeme wa jenereta kubwa za mafuta. Nitaiita Kampuni ya Jenereta. Mtambo wao ulikuwa umeshasimikwa kandokando ya reli, nje ya mji, unang'aa, ukisubiri mkataba. Aliingia ofisini kwetu ananukia vizuri, akamsalimia Mzee Simbeye kwa adabu zote, kisha akanigeukia.

"Komredi! Bado unauliza maswali?"

"Na wewe bado unapanda juu ya meza?"

"Siku hizi nakaa mezani, komredi. Ndiyo maendeleo hayo."

Kampuni yake, alisema, ilikuwa tayari kuwezesha ziara yote. Magari, mafuta, chakula, posho za waheshimiwa, hata kofia. Kuwezesha! Neno hilo lilitamba sana miaka hiyo. Nikauliza: kwa nini kampuni inayouza jenereta ilipie safari ya kwenda kuangalia upepo? Fadhili akacheka, akasema ni uzalendo. Mzee Simbeye alinitazama juu ya miwani.

"Binti, gari halitembei kwa maswali."

Alikuwa mtu safi Mzee Simbeye, sijawahi kusikia amechukua hata kalamu ya ofisi. Lakini alikuwa amechoka kuandaa ziara zisizofanyika. Akakubali. Na mimi nawauliza ninyi, mngekataa? Mkikataa kamati inakaa ukumbini na kusomewa makaratasi, na makaratasi yenyewe yameandikwa na watu wa akina Fadhili. Mkikubali, mnakwenda, lakini kwa magari yao. Nimelipindua jambo hili miaka na miaka, na bado sijui.

Wiki iliyofuata ratiba ilirudi kwangu imebadilika. Mwezi wa kumi umefutwa, safari imesogezwa hadi mwezi wa tatu. Sababu: vumbi la barabara ya Mtera lingewaathiri waheshimiwa wenye pumu. Nilihangaika juu chini kutafuta mheshimiwa mwenye pumu. Sikumpata.

"Mzee, masika hakuna upepo," nilimwambia Mzee Simbeye.

"Umeandika hivyo kwenye maelezo ya ziara?"

"Nimeandika."

"Basi watasoma."

"Kuna mheshimiwa amewahi kusoma maelezo ya ziara?"

Alifikiri kidogo, asije akamwonea mtu. "Mmoja. Lakini alishindwa uchaguzi."

Nilibakiwa na hila moja tu, na nilijifunza kwake mwenyewe. Alikuwa na kanuni kwamba aliyeleta chakula ndiye mwenyeji, hata kama bango lina jina la mtu mwingine. Kwetu mgeni akishakula, hasimami kumbana aliyemlisha. Anashukuru. Hiyo ndiyo adabu, awe mbunge, awe mchunga mbuzi. Kwa hiyo nikapanga kijiji kiwe cha kwanza, asubuhi, kabla ya mtambo wa kampuni, na wanakijiji wenyewe ndio wawaandalie waheshimiwa uji wa uwele na maziwa. Nikamweleza Sechelela: wakishakunywa uji wenu, ni wageni wenu. Watasikiliza.

Alielewa haraka. "Na karanga tutatia," alisema.

Siku ilipofika, mabasi yaliwasili kijijini jua bado changa. Nikashuka wa kwanza. Nikasikia harufu kabla sijaona kitu. Pilau.

Gari la Fadhili lilikuwa limetangulia alfajiri, na wapishi, masufuria, mbuzi waliochunwa, makreti ya soda, na turubai lenye nembo ya kampuni. Haikuwa karamu ya kamati tu, ni ya kijiji kizima. Ninyi mliozaliwa mjini labda hamjui mwezi wa tatu Ugogo ni mwezi gani. Mazao yapo shambani hayajakomaa, vihenge vimebaki vumbi, watu wanakula mlenda na ahadi. Mzee Ndahani, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa na watoto wa kijiji chake wanaoangalia masufuria yale. Ungemwambia afukuze gari? Mimi ningemwambia?

Uji ulikuwepo. Sufuria mbili, zimefunikwa kwa sinia, pembeni, chini ya kivuli cha ukuta wa tembe. Hakuna aliyezifunua.

Na pangaboi lilikuwa limesimama. Kimya kabisa, mapanga yake yamekaa kama mikono ya mtu anayesubiri basi lililoghairiwa. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Koku, mama wa Kihaya mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa amejitahidi kuwaamkia wanakijiji "Mbukwenyi!" na wakamshangilia. Akaliangalia pangaboi.

"Mbona halizunguki?"

"Ni masika, mheshimiwa," Sechelela alijibu. "Upepo umelala. Njooni mwezi wa kumi."

"Tumekuja leo, mwanangu," akasema mheshimiwa mwingine, na wenzake wakacheka. Haikuwa kejeli mbaya. Ni ile ya watu wanaoona meza imeshaandaliwa.

Wakala. Kijiji kikala. Nilimwangalia Sechelela, nikaona anazungukwa na shangazi zake wakimsukumia sahani, naye anairudisha. Alikaa juu ya sanduku lake la vifaa, hakugusa hata soda.

Mzee Ndahani akasimama kutoa neno. Tulikuwa tumefanya mazoezi na mzee huyu: angeomba kipengele cha vijiji kibaki, kwa sentensi tatu tu. Alifunua kinywa, akawatazama watoto wanaolamba vidole, akamtazama Fadhili. Akashukuru. Alishukuru kamati, akaishukuru kampuni, akaombea mvua, akakaa. Sikumlaumu. Alifanya alichofundishwa na baba yake.

Ndipo Sechelela akanyoosha mkono.

"Mimi sijala," alisema. "Kwa hiyo naomba kuuliza."

Kicheko kidogo. Shangazi mmoja akajifunika uso kwa kanga.

"Mmesema pangaboi letu limesimama. Ni kweli, limesimama, na likisimama halimdai mtu chochote. Sasa namuuliza huyu kaka wa kampuni. Mtambo wenu nao, siku ambayo haujawashwa, mnalipwa au hamlipwi?"

Fadhili alitabasamu. Nilimjua tabasamu lile tangu kantini, lilikuwa la kutafuta muda.

"Dada yangu, swali zuri sana. Hayo ni mambo ya kimkataba."

"Ndiyo au hapana, kaka?"

"Kuna kitu kinaitwa malipo ya kuwa tayari..."

"Kwa hiyo ndiyo."

Mheshimiwa Koku aliangalia saa yake. Niliona amesikia. Naapa niliona swali limemwingia mahali, kwa sababu alishika chupa ya soda bila kuinywa. Lakini alikuwa mgeni, ameshiba, na mwenyeji wake amebanwa mbele za watu. Akasimama, akasema tumejifunza mengi, tushukuru kwa ukarimu, magari yanasubiri. Mchana ule tukaenda kwenye mtambo. Waliuwasha kwa ajili yetu. Ulinguruma vizuri mno.

Ripoti ya ziara ilisema pangaboi lilionekana likiwa limesimama. Nililumbana na Mzee Simbeye nusu siku ili iongezwe kwamba ilikuwa masika. Alikubali, sentensi ikaongezwa, na mtu mwingine ngazi za juu akaiondoa ili kuokoa nafasi. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika ripoti ile. Lichunguzeni hilo. Mnafundishwa kuogopa bahasha zinazopita chini ya meza, na ni kweli zipo. Mimi sikuona bahasha. Niliona turubai, pilau, tarehe iliyosogezwa, na ripoti yenye ukweli mtupu. Kipengele cha vijiji kikafutwa. Kampuni ikapata mkataba wake wa kulipwa iuwashe mtambo isiuwashe, na michango ya taa kwa Sechelela ikapigwa marufuku. Zahanati aliendelea kuiwashia bure. Nyumba zikarudi kwenye vibatari.

Nikaacha kazi? Hapana. Nilifikiri kuacha kila Jumatatu. Kilichonizuia ni Mheshimiwa Koku mwenyewe. Mwaka uleule, mwezi wa kumi, mgawo umerudi na Mtera inaonyesha mifupa yake tena, alinikamata kwenye korido.

"Wewe. Yule binti aliyeuliza kuhusu mtambo kusimama, alijibiwa na nani?"

"Hakujibiwa, mheshimiwa."

"Nipeleke."

"Ofisi haina mafuta."

"Nimekuuliza habari za ofisi?"

Tulikwenda kwa gari lake. Nilimwomba kitu kimoja tu, asipite hotelini kufungashiwa chochote. Alinitazama vibaya, lakini hakupita. Niseme hapa kilichotoka katika safari ile, msije mkadhani nimewaficha: kikao kilichofuata aliuliza swali la Sechelela mbele ya kamati, neno kwa neno, na kamati ikalazimika kulijibu. Kipengele kilirudi, baadaye sana, kikiwa kimekatwa mikono. Kijiji kiuze, lakini kwa kibali, na kibali kinatolewa mbali. Sechelela alikipata mvi zikiwa zimeshaanza. Mkataba wa jenereta haukuguswa. Fadhili tunaonana misibani, bado ananiita komredi. Huo ni ushindi? Wengine wananiambia ni ushindi. Mimi nawaambia wahesabu na nyumba zile za vibatari.

Siku ile ya gari la Mheshimiwa Koku, upepo ulituanza tangu Mvumi, unasukuma gari kwa ubavu. Pangaboi tulilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa linazunguka kwa kelele za kutisha, mlingoti unatetemeka, na Sechelela amesimama chini yake na spana mkononi, hakushangaa kutuona. Mheshimiwa Koku alishika kilemba chake kisipeperuke. Alisimama pale muda mrefu, anatazama juu, vumbi linampiga machoni.

"Mbona hamkuniambia?" akapaza sauti.

"Tulikuambia, mheshimiwa," Sechelela akajibu. "Ulikuwa unakula."

Mzee Ndahani alikuwa amekuja mbio, anafunga vifungo vya koti, tayari kukaribisha. Mheshimiwa alijifuta uso, akaomba maji ya kunywa. Kwa Wagogo mgeni hanyimwi maji, hata adui. Sechelela akachota kwenye mtungi, akaja na kata imejaa, akasimama nayo mbele yake bila kuinyoosha.

"Uliza kwanza, mheshimiwa. Maji yapo."

"Sechelela!" Mzee Ndahani alifoka, amekufa kwa aibu.

Mheshimiwa Koku akamnyamazisha kwa mkono. Akatafuta jiwe, akaketi, midomo imekauka, akaanza kuuliza.